Amana ya Fundi Saa

Jambo lote liligharimu dola elfu moja mia mbili arobaini na nne na senti hamsini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa elfu moja mia mbili na sita kamili, ndipo nikakumbuka mandazi. Humo mna kile kipande chenye namba ambacho sheria inakihesabu kuwa ndicho bunduki yenyewe, mna vyuma vingine vyote vilivyoletwa na posta, spana na vibano, sanduku la chuma la kufungia, petroli ya kwenda Fridley na kurudi, na mandazi ya Jumamosi kumi na moja. Viatu havimo. Viatu nitavifikia.

Bunduki ya namna ileile, mpya, iliyofungwa kiwandani, ilikuwa inaning'inia ukutani dukani kwa mia nane arobaini na tisa. Mimi ningeishusha hadi mia saba tisini, na ukanda wa kuibebea wangenipa juu. Kwa hiyo mtu akikwambia kufunga mwenyewe ni nafuu, mwambie akuonyeshe risiti zote, mpaka za unga na mafuta.

Lakini Fundi Saa si mtu wa nafuu. Namwita hivyo kwa sababu sote tunamwita hivyo, na kwa sababu hapendi jina lake liandikwe mahali ambapo hakuweka sahihi mwenyewe. Zamani alikuwa na meza ndogo barazani mwa duka la vitambaa huko Tanga, na juu ya meza kioo cha jicho, koleo tatu, na sahani ya chai iliyojaa vipuri vidogo kama mbegu za mchicha. Alipofika Minnesota alipata kazi kwenye kiwanda cha Plymouth kinachotengeneza mirija myembamba ya kupitisha kwenye mishipa ya moyo. Miaka kumi na tisa alikaa mbele ya darubini akiunganisha vitu ambavyo mimi nikipewa nitadhani ni unywele wa mtoto. Hakuwahi kurudishiwa kazi. Aliniambia hivyo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Mimi kwa upande wangu ni mtu wa Nairobi, nimekulia Gikomba nikiuza mitumba, na siku za wiki nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wikendi nawanunulia wenzetu magari mnadani, ndiyo maana Fundi ananiita Dalali. Kiswahili changu kimenyooshwa na Fundi kwa miaka mingi. Zamani nikifungua mdomo alikuwa akifumba jicho moja, kama anatazama saa iliyoingia maji.

Tulijuana kwa ajili ya soseji. Nilikuwa nimempelekea gari dogo nililomnunulia, tunasimama kwenye maegesho ya jengo lake, nasubiri salamu za Kitanga, zile ndefu, zinazouliza mpaka hali ya kuku. Badala yake akaniuliza:

"Wewe Mkristo?"

"Inategemea ni nani anauliza, Mzee."

"Ngoja hapo."

Akapanda ngazi, akarudi na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na soseji nne za nyama ya kulungu iliyochanganywa na nguruwe. "Nimepewa na mwenzangu kazini kwa moyo safi," akasema. "Siwezi kuzila, na siwezi kuzitupa. Uzile wewe kwa niaba yangu, kisha unieleze ladha yake, nipate kumshukuru ipasavyo."

Nikazila. Nikampigia simu nikamwambia kuna chumvi, pilipili manga, na kitu kama moshi. Jumatatu akaenda kumshukuru yule bwana kwa chumvi, pilipili manga na moshi. Mambo yakaenda hivyo miaka minane. Kila Novemba yule bwana wa benchi la pili alichukua likizo ya wiki moja, akaenda kaskazini kuwinda, akarudi na soseji. Fundi akazipokea kwa mikono miwili, mimi nikanenepa.

Yule bwana sikuwahi kumwona akiwa hai. Namjua kwa maneno ya Fundi tu, nayo hayakuwa mengi, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa wakizungumza. Benchi la kwanza na la pili, mabega yamepishana hatua moja, kila mtu na darubini yake. Asubuhi: baridi leo. Mchana: theluji inakuja. Jioni: haya, kesho. Ukiwajumlishia maneno ya miaka kumi na tisa labda yatajaa ukurasa wa gazeti. Lakini Fundi alikuwa akisema "sisi" anapomtaja, na sijamsikia akisema "sisi" kwa ajili ya mtu mwingine katika nchi hii.

Siri ya soseji ilitoka mwaka wa nane. Yule bwana alimuuliza za mwaka gani zilikuwa tamu kuliko zote, na Fundi, ambaye anaweza kukaa kimya wiki nzima lakini hawezi kudanganya akiulizwa uso kwa uso, akakiri kwamba kuna Mkenya fulani aliyekuwa akizila. Yule bwana alicheka mpaka miwani yake ya kazini ikaingia ukungu. Kisha akauliza, sasa ninyi kulungu mnamlaje? Fundi akamweleza kwamba mnyama wa kuwinda ni halali, mradi Mwislamu mwenyewe apige, na ataje jina la Mungu anapofyatua.

"Basi njoo upige mwenyewe," yule bwana akamwambia. "Useme maneno yako, ule nyama yako. Kiti cha kuvizia kipo."

Fundi akasema hana bunduki, atanunua. Mwenzake akakataa. Usinunue, akasema. Nina vyuma gerejini kwangu. Baridi ikianza, njoo Jumamosi, tutaifunga yako pamoja.

Hiyo ilikuwa Juni. Mwezi wa nane yule bwana akaanguka bustanini kwake, na hakuamka. Ulikuwa moyo. Moyo huohuo waliokuwa wakiutengenezea mirija siku tano kwa wiki.

Tulikwenda mazishini, mimi kama dereva. Fundi alibeba sufuria ya pilau la watu ishirini kwenye ukumbi ambao watu walikuwa wakila vipande vya mkate vya pembe tatu. Alimwendea kijana wa marehemu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwekea bahasha ya rambirambi yenye dola hamsini. Yule kijana aliitazama bahasha, akamtazama Fundi, akanitazama mimi, kama mtu aliyepewa hati ya mahakama. Nikamweleza kwamba kwetu mfiwa haachwi mikono mitupu. Akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Baada ya wiki mbili Fundi akapokea kadi ya shukrani. Aliibandika jikoni, juu ya kalenda ya sala.

Sasa nikwambie kuhusu nyumba yake. Iko Fridley, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, na saa kumi na saba ukutani na mezani, kila moja na wakati wake. Mtu aliyeishi kwa kurekebisha saa za watu hana saa inayokwenda sawa isipokuwa moja, juu ya jokofu, nayo inafuata saa za Tanga. Mkewe alikwenda huko kumuuguza mama yake kwa miezi mitatu. Mwaka huu ni wa sita. Wanazungumza kila Ijumaa, habari za bati na mbuzi na ada ya mtoto wa dada, na wakimaliza Fundi huifuta simu kwa kitambaa kana kwamba anairudisha kwa mwenyewe. Nimemuuliza mara mbili kwa nini harudi. Mara ya kwanza alisema anasubiri pensheni ikamilike. Mara ya pili, pensheni ikiwa imekamilika, alisema anaogopa joto.

Binti yake yuko Apple Valley, dakika arobaini kwa gari, na watoto wawili. Wajukuu wanakielewa Kiswahili chake na kumjibu kwa Kiingereza. Siku ya Idi alimpa mkubwa saa nzuri ya mkononi, ya zamani, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Mtoto akaigeuza huku na huku, akauliza inachajiwa wapi. Fundi alinisimulia hayo akicheka. Alinisimulia tena wiki iliyofuata, naye hacheki.

Ni mtu huyo aliyenipigia simu mwezi wa kumi na mbili, miezi minne baada ya mazishi, akasema: "Dalali, nataka bunduki. Njoo unisaidie bei."

Nilimkuta ameandika kwenye daftari safu mbili, KUNUNUA na KUFUNGA. Chini ya KUNUNUA mlikuwa na sababu kumi na nne. Ina dhamana ya kiwanda. Ni nafuu. Inakwisha kwa mchana mmoja. Hakuna pini ya kupotea. Chini ya KUFUNGA palikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa imefutwa. Niliisoma hata hivyo, kwa sababu anakandamiza kalamu. Ilisema: *tulikubaliana*.

"Mzee, hesabu iko wazi," nikamwambia. "Kumi na nne kwa sifuri."

"Kumi na nne kwa moja."

"Hiyo moja umeifuta."

"Nimeifuta kwa sababu si hoja. Ni ahadi tu." Akafunga daftari. "Na tena kitu ulichokikuta kimefungwa hukijui. Unakiogopa au unakidharau. Ya yule bwana ilikuwa ile inayojikoki, kwa sababu bega lake lilikuwa bovu. Unavuta mara moja, inatoka moja, na nguvu ya ile iliyotoka inaikoki tena. Umeelewa? Ni saa inayojijaza yenyewe. Saa yenye hasira." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Nataka kuona hasira yenyewe inakaa wapi."

Kwa hiyo tulikuwa tumekwishaamua kabla ya kwenda dukani, ingawa tulikwenda kana kwamba bado. Yeye alivaa suti. Mkononi alishika bahasha kubwa, na ndani yake barua nakala tatu. Naijua vizuri, maana nimeweka sahihi yangu juu yake. Ilianza na YAH: UTAMBULISHO, kisha ikaeleza kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa jengo fulani, mtu wa tabia njema, hana ugomvi na jirani, na anaombewa kuruhusiwa kumiliki silaha ya kuwindia. Chini kulikuwa na nafasi ya mdhamini wa kwanza na mdhamini wa pili. Mdhamini wa kwanza ni mimi. Nafasi ya pili ilikuwa na mstari mtupu, na sikuuliza ilikuwa ya nani.

Nilijaribu kumwambia nyumbani. "Mzee, huku hawaombi barua ya mjumbe wa mtaa."

"Wataombaje wakati hawajaletewa?"

Kibali cha polisi alikuwa nacho tayari. Kilikuja kwa posta, na badala ya kufurahi alikasirika. Aligonga mlango wa jirani wa kulia na wa kushoto akiuliza kama kuna askari amekuja kuuliza habari zake. Hakuna aliyekuja. Jirani wa kushoto ndiyo kwanza alikuwa anajua kwamba kuna mtu anaishi pale.

Dukani muuzaji alikuwa mtu mwenye ndevu mpaka kifuani na adabu nyingi. Nilianza na ile ya ukutani, kwa mazoea tu.

"Bei ya mwisho?"

"Bei imeandikwa pale, bwana."

"Naiona. Nauliza ile ya mwisho."

"Ile iliyoandikwa ndiyo ya mwisho."

"Ya kwanza ndiyo ya mwisho? Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

Akacheka, akanipa kofia ya bure. Kisha Fundi akasogea, akaweka bahasha juu ya kioo, akasema kwa Kiingereza chake cha kupiga pasi kwamba amekuja na mdhamini. Muuzaji akaifungua. Akatazama ile mistari asiyoielewa, akatazama mhuri ambao Fundi alikuwa ameuchora kwa mkono, mzuri kuliko wa serikali. Akairudisha taratibu. Akasema anahitaji leseni ya udereva, kile kibali, na fomu ijazwe. Fundi akajaza. Jamaa akaingia kwenye kompyuta, tukasubiri, jibu likarudi. Dakika kumi na moja. Tulitoka na kile kipande chenye namba, dola mia na kumi na tisa, kwenye sanduku dogo kama la viatu vya mtoto.

Tukaingia garini, tukavuka mto.

"Dakika kumi na moja," akasema. "Tanga ukitaka kuuza baiskeli ya mtumba, siku mbili watu wanauliza umeitoa wapi. Mimi hapa wamenipa silaha, na katika nchi nzima hakuna mtu mmoja aliyeulizwa: huyu mzee, unamjua?"

"Wamekuuliza kwa kompyuta."

"Kompyuta inajua sijaiba. Haijui kama nimelala."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Niliyahesabu mara moja tu, na hilo ndilo kosa langu.

Jumamosi zikaanza. Vyuma vilikuja kimoja kimoja, kwa sababu aliviagiza kimoja kimoja, na kila kimoja kililipa posta yake. Nilimwambia akiagiza pamoja ataokoa dola thelathini na tisa. Akasema yule mleta mizigo ni kijana mzuri, anagonga na kusubiri. Alitandika shuka jeupe mezani ili chemchemi ndogo zisipotee, akavaa kioo chake jichoni, akanikabidhi kazi ya kushika tochi na kunyamaza. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya vile vyuma kama mtu anayesoma gizani. "Mkono ukiwa na haraka," alikuwa akisema, "chuma hukimbia." Tulikunywa chai. Nilimletea mandazi ya mke wangu, naye akayasifu kwa kuyala matatu.

Jumamosi ya tano niligundua kitu. Mimi nahesabu, siwezi kujizuia. Wiki iliyotangulia pini saba zilikuwa zimeshakaa mahali pake. Siku hiyo zilikuwa tano. Nikahesabu tena. Tano. Jumamosi ya saba vipande viwili ambavyo nilivishikia tochi mwenyewe vilikuwa vimerudi juu ya shuka, vimepanguswa, vinasubiri kama havijawahi kufungwa. Fundi alikuwa akifungua katikati ya wiki kile tulichofunga Jumamosi.

Nilishika tochi. Nilianza kuelewa kwa nini soko la Fridley la mafuta ya mashine lilikuwa linanufaika naye hivyo.

Kisha kazini wakaniongezea zamu, nikakosa Jumamosi mbili mfululizo mwezi wa pili. Nilipokwenda ya tatu, bunduki ilikuwa imekwisha. Ilisimama pembeni ya sebule, imepakwa mafuta, nyeusi, haina kasoro hata moja, naye ameketi mkabala nayo na mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyefika mapema na mwenye nyumba hayupo. Shuka lilikuwa limekunjwa.

"Hongera, Fundi."

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa haina kazi nyingi."

Machi, siku ya Jumatano, akanipigia simu kazini, jambo asilofanya. Nilipofika baada ya zamu alikuwa amevaa koti, amesimama nyuma ya mlango. Mezani alikuwa ametandaza ile barua ya utambulisho. Akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, Mzee."

"Basi shika." Akanipa kikopo cha bati cha vipuri vya saa. Ndani, kwenye kitambaa, kulikuwa na bolti, kichuma kisichozidi kidole gumba, kile kinachofunga nyuma ya risasi na kuigonga. Bila hicho, bunduki ni bomba la maji lenye gharama. "Hii ni amana. Ikae kwako."

Nikaichukua. Sikuuliza. Hapo niseme wazi: kazini kila Jumatatu nina fomu, na swali lake la mwisho linamuuliza mzee kama anafikiria kujidhuru. Nalisoma kwa Kiingereza, linatoka kama bei ya mkate, naweka alama, napita kitanda cha pili. Miaka kumi na mbili. Mbele ya Fundi, kwa Kiswahili, mdomo wangu ulijaa mchanga. Nikamwambia kuna barafu barabarani, nikaondoka.

Nikaificha kwenye pipa la mchele. Mke wangu aliipata siku ya tatu.

"Hii ni nini?"

"Ni kitu ya Fundi."

"Kitu ya Fundi inafanya nini kwa mchele yangu?"

"Ni amana."

"Amana yako iko na mafuta, na mchele yangu iko na wageni Sunday. Itoke." Lakini nilipomweleza ilikotoka, aliketi. Kisha akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akairudisha mwenyewe, chini kabisa. "Kila Saturday uende," akasema. "Hata kama hakuna kitu ya kufunga."

Nimekwenda, karibu kila Jumamosi. Hakukuwa na cha kufunga. Tumenyamaza pamoja majira ya kuchipua na kiangazi chote, saa kumi na saba zikibishana ukutani.

Mwezi uliopita akanipa koleo zake tatu. Wiki iliyofuata akanipa kile kioo cha jicho, ambacho hakijawahi kukaa mbali naye hatua kumi. Jumapili hii, nikitoka kanisani, akapiga simu: "Dalali, niletee amana yangu."

Nyumba za wazee zinakufundisha jambo moja: mtu akianza kugawa vitu, hesabu. Nilihesabu koleo, kioo, simu. Nikahesabu tena. Kisha nikaendesha gari mpaka Fridley, na bolti nikaiacha kwenye mchele.

Alifungua mlango akatazama mikono yangu.

"Iko wapi?"

"Ipo. Kwa nini umenipa kioo chako, Fundi?"

"Macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho. Vya karibu sivioni tena." Akaketi. "Mbali naona vizuri. Mbali naona mno, mwanangu, naona mpaka Tanga."

"Na bolti ya nini?"

Akasukuma simu yake juu ya meza. Ulikuwa ujumbe wa yule kijana wa marehemu. Kiti cha baba bado kipo, ulisema. Msimu unafunguliwa Jumamosi ijayo. Njoo ukikalie. Nikausoma mara mbili, nikatazama na tarehe. Ulikuwa wa kweli. Ningeweza kuishia hapo, nikamshukuru Mungu, nikaenda kuchimba mchele. Lakini wakati huo saa ya juu ya jokofu ilikuwa inagonga usiku wa Tanga, na mstari wa mdhamini wa pili ulikuwa bado mtupu kwenye ile barua, ambayo sasa ameibandika ukutani kando ya kadi ya shukrani.

"Fundi," nikasema, "nakuuliza kama mdhamini. Unataka kujiua?"

Nililisema hivyohivyo, halina nguo. Hakushtuka.

"Leo, hapana," akasema. "Machi, ndiyo. Siku mbili. Jumanne na Jumatano. Jumanne niliipangua, usiku nikaifunga tena. Jumatano nikakupigia."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikupa." Akanitazama kwa jicho moja, kama ananirekebisha. "Wewe ulidhani mtu mwema ndiye anayetafuta mdhamini? Mtu mwema hahitaji mdhamini, Dalali. Mimi niliandika barua ile kwa sababu nilikuwa najijua."

Nikamuuliza kama daktari wake anajua habari ya Machi. Hajui. Nikamwambia atajua Jumanne, nitampeleka mwenyewe, na binti yake ataambiwa kabla ya Jumanne, na yeye ndiye atakayemwambia. Akabisha kidogo, kwa heshima ya kubisha tu. Nilipomshusha hadi hapo, nikataja sharti la mwisho.

"Bolti haitoki kwangu. Ikienda kaskazini, inakwenda mfukoni mwangu. Utaipata asubuhi tukiwa tumeketi, utairudisha jioni kabla hatujasimama."

"Tukiwa tumeketi? Wewe?" Akaanza kucheka. "Wewe unayevaa soksi tatu kwenda kutupa takataka?"

"Mimi."

"Mle msituni huzungumzi saa sita nzima. Kulungu anasikia."

"Kwani hapa tunazungumza?"

Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Kisha akachukua kalamu, akaishusha ile barua ukutani, akanionyesha mstari wa mdhamini wa pili. Nikamwambia mtu mmoja hawezi kudhamini mara mbili. Akasema, mtu mmoja anayehesabu kila kitu mara mbili anaweza. Nikaweka sahihi.

Basi hapo ndipo nilipo. Tunaondoka Ijumaa, mwendo wa saa nne kwenda kaskazini. Fulana ya rangi ya chungwa nimeazima. Nimepita maduka matatu, na viatu vya bei ya chini nilivyoviona ni dola mia moja na themanini, na yule muuzaji naye ni wa kundi la bei ya kwanza ndiyo ya mwisho. Anayejua vinakopatikana viatu vya kukaa saa sita kwenye baridi bila kusogea, visivyozidi dola themanini, anishauri kabla ya Alhamisi. Namba kumi na moja. Na kama bei inapungua kwa jozi mbili, aniambie ya jozi mbili, na ya pili iwe namba nane. Vya Fundi vina tundu kwenye kisigino cha kulia. Nimevitazama mara mbili.